Daktari kamtuma mzee wa kisukari akatibiwe fizi kwanza. Bakteria wa mdomoni wanafika kweli mpaka kwenye moyo na figo?

#1 KijanaWaUrambo
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo nataka wajuzi mnisaidie kabla mzee wangu hajanigeuzia kibao.

Mzee ana kisukari cha miaka mingi. Ni mkulima wa tumbaku huku Urambo, mbishi, ila dawa anameza bila kukosa, hilo namsifu. Pamoja na hayo sukari haitulii. Majuzi nikamleta Tabora mjini kliniki. Daktari, kijana mdogo tu, akasoma karatasi, akamtazama, halafu akasema, "Mzee, hebu panua mdomo." Akavaa glavu, akabonyeza ufizi wa chini pale mbele ambapo kuna jino moja linacheza (mzee akiwa anawaza huwa analisukuma kwa ulimi, nyumbani tumeshazoea). Ukatoka usaha na damu kidogo. Mzee mwenyewe alishangaa, maana hapaumi.

Daktari akasema leo haongezi dawa za sukari, mzee aende kwanza chumba cha meno. Akaongeza kwamba bakteria wa kwenye fizi huingia kwenye damu wakaenda kusumbua moyo, figo, mpaka ubongo. Mzee njia nzima ya kurudi ni kununa: "Nimepeleka sukari, wananipeleka kwa wang'oa meno."

Sasa naomba kujua, hii ni tiba ya kweli au tunazungushwa kwenye vyumba ili tulipie kila dirisha?

#2 Kigoda
Nimevuta kigoda. Na mimi nikipiga mswaki asubuhi natema damu, nilidhani mswaki ni mgumu.

#3 MbishiWaCheyo
Biashara hiyo, mkuu. Babu yangu upande wa mama, kule Sikonge, alimaliza meno yote akiwa bado anashika jembe, na akaishi mpaka akaanza kusahau majina ya wajukuu. Moyo ulidunda vizuri tu. Kama bakteria wa fizi wanaua, si wangeanza na yeye?

#4 MwalimuMstaafu
Mbishi, babu yako alimaliza meno, kwa hiyo fizi zake hazikuwa na pa kuugulia. Bakteria wanaotajwa hapa hawapendi hewa, wanakaa kwenye nafasi iliyopo kati ya jino na ufizi. Jino likitoka, mahali pao pa kukaa pameondoka. Mfano wako unambeba daktari, wala haumpingi.

#5 MbishiWaCheyo
Shikamoo mwalimu. Basi tung'olewe wote tuishi milele.

#6 MwalimuMstaafu
Marahaba. Unatania, lakini hilo limeshafanyika. Mwaka 1910 daktari mmoja Mwingereza, William Hunter, alikwenda Montreal, Kanada, akahutubia kwamba maradhi mengi ya mwili yanatokana na uchafu wa mdomoni. Hotuba ikawasha moto. Kwa miaka zaidi ya 20 madaktari wa Marekani na Uingereza wakang'oa meno ya watu kutibu viungo, tumbo, uchovu, kila kitu. Huko Trenton, New Jersey, daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili, Henry Cotton, aliamini wazimu unatoka kwenye meno. Akawang'oa wagonjwa. Wasipopona akahamia kwenye tezi za kooni, kisha kwenye utumbo mpana. Wengi walikufa kwa visu vyake. Baadaye watu walipokaa wakahesabu, waliong'olewa hawakuwa wamepona kuliko wasiong'olewa, na hoja yote ikafa.

Kwa hiyo mimi nikisikia leo "fizi zinaharibu viungo vyote", sikatai, ila nashika mfuko wangu kwanza.

#7 TabibuWaKinywa
Habari wakuu. Nafanya kazi ya kinywa na meno mkoani hapa hapa, nitasema ninachokijua.

Alichofanya yule daktari wa kisukari ni sahihi na natamani wengi wangemuiga. Kwenye jino huwa panakaa utando laini wa bakteria. Usipoondolewa unaganda kwa madini yaliyomo kwenye mate, unakuwa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata utumie wa waya. Ufizi uliokaa na ugaga unavimba, unaachia jino, panatokea mfuko. Kwa mtu mzima wa afya nikiingiza kijiti cha kupimia kinazama milimita 1 hadi 3. Kwa mtu wa aina ya mzee wako nakuta 6, 7, wakati mwingine zaidi. Mfupa unaoshika jino unaliwa taratibu, na hapaumi. Mgonjwa anakuja jino likiwa linacheza, na anachotaka ni ling'olewe.

Sasa ukuta wa ndani wa ule mfuko ni kidonda. Ukitafuna nyama au ukipiga mswaki, bakteria wanasukumwa kwenye mishipa midogo ya damu. Kwa mtu mzima wa afya kinga inawafyeka ndani ya dakika chache. Tatizo ni kwamba kwa mwenye mifuko mingi jambo hili linatokea kila siku, miaka nenda rudi. Eneo la kidonda hicho ukilikunjua ni sawa na kiganja kizima.

#8 AsaliMbichi
Tabibu, asante. Ila la kiganja kizima ningelipunguza kidogo, linapendwa sana kwenye mabango. Watafiti waliokuja kupiga hesabu upya mwaka 2001 walipata sentimita za mraba 8 hadi 20 hivi kwa mgonjwa wa fizi. Kiganja cha mtu mzima ni kikubwa zaidi ya hapo.

#9 TabibuWaKinywa
Sawa, tuseme robo ya kiganja kwenda chini. Ungekuwa na kidonda cha sentimita 10 mguuni kinachotoa usaha miaka 5 ungekaa nacho?

#10 MwishoWaReli
Poleni wana Tabora. Huku Kigoma tunakula migebuka, dagaa na mawese, meno ni chuma. Nyie asali asubuhi, asali mchana, halafu mnauliza fizi zina nini.

#11 AsaliMbichi
Wewe wa huko ambako reli imechoka ikaishia ziwani, tulia. Asali ikikaa kwenye jino inaleta kutoboka, hilo kweli. Fizi ni habari nyingine. Ukitafuna asali usitafune asali, ugaga unajijenga.

#12 MwishoWaReli
Utani pembeni. Mjomba wangu wa Kibirizi alivimba chini ya taya siku ya Ijumaa, Jumapili hawezi kumeza mate, shingo imekaza, ulimi umeinuliwa juu. Tulimkimbiza, akapasuliwa shingoni usaha ukatoka, akapona kwa neema. Waliomtibu walisema angechelewa kidogo njia ya hewa ingeziba. Kwa hiyo anayesema mdomo hauui, mimi nimeona.

#13 TabibuWaKinywa
Pole kwa mjomba, na mlifanya vizuri kukimbia. Ila ule ni ugonjwa tofauti. Mara nyingi unaanzia kwenye mzizi wa gego la chini lililooza, usaha unashuka kwenye nyama laini za shingo. Hautembei kwenye damu, unapita palepale ulipo. Tusiuchanganye na tunachobishania.

#14 NesiMwanamke
Naongeza upande wa moyo, maana huko ndiko mambo yako wazi kuliko kote. Kuna wagonjwa wenye vali (milango ya damu ndani ya moyo) mbovu au za bandia. Bakteria wa mdomoni wakipita kwenye damu wananata kwenye vali, wanafanya makazi, mgonjwa anakaa na homa wiki nyingi, anapungua, anatibiwa malaria na taifodi mpaka anachoka. Huo ugonjwa unaua. Kaka yangu alifanyiwa vali Dar, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kila akienda kung'oa jino anameza amoksilini gramu 2 kwa pamoja ndani ya saa moja kabla ya kung'olewa. Ana kikaratasi chake kwenye pochi, anakionyesha kabla hajakaa kwenye kiti.

#15 Kigoda
Kumbe! Basi wale watoto wanaokwenda kupasuliwa vali Dar, chanzo ni fizi?

#16 NesiMwanamke
Hapana mdogo wangu. Watoto wengi wa vali hapa kwetu, chanzo chao ni koo. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria wa aina ya streptokokasi, hatibiwi vizuri, kinga ya mwili inageuka inashambulia vali zake mwenyewe. Mdomo unaingia baadaye, vali ikishaharibika. Mtoto akilia koo na ana homa, mpelekeni, msimpe tangawizi tu.

#17 MwalimuMstaafu
Na hata hilo la amoksilini wakubwa hawakubaliani. Uingereza mwaka 2008 walitoa mwongozo kwamba wenye vali wasipewe dawa hiyo kwa kawaida kabla ya kazi ya meno. Marekani mwaka mmoja kabla walikuwa wamewapunguza, wakabakiza wale wa hatari kubwa. Hoja mojawapo ni hii: kama kutafuna na kupiga mswaki kunaingiza bakteria kwenye damu kila siku, kidonge cha siku moja ya kung'oa kinazuia nini?

#18 NesiMwanamke
Mwalimu, kaka yangu ataendelea kumeza. Wabishane wao.

#19 MbishiWaCheyo
Haya, vali nimekubali. Lakini mleta uzi kaambiwa figo na ubongo. Nimesoma kwamba wamekuta vinasaba vya bakteria wa fizi kwenye mishipa ya moyo iliyoziba. Sawa, wamekuta. Kumkuta mtu msibani hakumfanyi kuwa ndiye aliyeua. Mshipa ulioziba ni mahali pabovu, kila takataka inayopita kwenye damu inaweza kukwama hapo.

#20 AsaliMbichi
Hapo Mbishi una point, na hauko peke yako. Chama cha moyo cha Marekani mwaka 2012 kilipitia tafiti zote kikasema hivi: ugonjwa wa fizi na ugonjwa wa mishipa ya moyo vinakwenda pamoja, hata ukitoa uvutaji na mambo mengine yanayofanana, lakini ushahidi kwamba kimoja kinasababisha kingine haupo, wala kwamba ukitibu fizi utazuia shambulio la moyo.

#21 TabibuWaKinywa
Haupo si sawa na kusema si kweli. London mwaka 2007 walichukua watu 120 wenye fizi mbaya sana, nusu wakasafishwa kwa nguvu hasa, nusu wakasafishwa juujuu kama kawaida. Wakapima jinsi mshipa wa mkono unavyotanuka. Siku ya kwanza waliosafishwa kwa nguvu hali ya mishipa ilikuwa mbaya zaidi, maana usafishaji uliwachokoza wale bakteria. Baada ya miezi 6 mishipa yao ilikuwa inatanuka vizuri kuliko ya wenzao. Kwangu mimi hilo linaonyesha mdomo na mishipa vinasikilizana.

#22 MwalimuMstaafu
Mshipa kutanuka si mtu kuishi. Lakini utafiti huo naukubali kuliko hotuba ya Montreal.

#23 MkulimaKaliua
Mimi sijasomea udaktari, ila nimekaa kwenye tumbaku tangu utoto. Mbona hakuna anayeisema tumbaku? Mzee wa mleta uzi analima tumbaku. Anavuta? Anabwia ugoro? Huku kwetu wazee wa fizi mbovu na wazee wa presha na wazee wa kifua ni walewale, na wote wana kijikopo cha ugoro mfukoni. Mnatafuta bakteria wa Kilatini na sababu iko banini inakaushwa.

#24 KijanaWaUrambo
Mzee havuti siku hizi, ugoro anabwia. Anauweka palepale chini mbele. Swali zuri hilo.

#25 TabibuWaKinywa
MkulimaKaliua umepiga msumari. Tumbaku ni adui mkubwa wa fizi. Na ina ujanja wake, nikotini inabana mishipa midogo, kwa hiyo fizi za mvutaji hazitoi damu sana hata zikiwa zimeoza. Mtu anajiona mzima kuliko Kigoda anayetema damu. Ugoro ukikaa sehemu moja ufizi wa hapo unashuka, mzizi unabaki wazi.

#26 MkulimaKaliua
Na hapo hujavuta wala hujabwia. Nenda kachume majani asubuhi yakiwa na umande bila kujifunika uone. Kizunguzungu, kutapika, kichwa. Nikotini inapita kwenye ngozi. Vijana wa msimu wanadhani wamelogwa.

#27 AsaliMbichi
Hii ndiyo hoja ninayoiona ina uzito kuliko ya bakteria kusafiri. Tumbaku inaharibu fizi, na tumbaku hiyohiyo inaharibu moyo. Umaskini unakunyima daktari wa meno na unakunyima kipimo cha presha. Sukari nayo vilevile. Ukiviona fizi na moyo vimeharibika pamoja, inawezekana hakuna aliyemuumiza mwenzake, wote wamepigwa na mtu mmoja.

#28 TabibuWaKinywa
Kwa moyo nakuachia. Kwa kisukari sikuachii. Huko njia ni mbili. Sukari ikiwa juu, kinga inadhoofika na fizi zinaoza haraka, hili halina ubishi. Na fizi zikiwa na uvimbe wa kudumu, kemikali za uvimbe zinaingia kwenye damu zinafanya insulini isifanye kazi yake vizuri, sukari inapanda. Tafiti za kutibu fizi kwa wagonjwa wa kisukari ziko nyingi, na mapitio makubwa ya mwaka 2022 yaliyokusanya tafiti 35 yalikuta kile kipimo cha sukari ya miezi 3 kinashuka kwa wastani wa takriban asilimia 0.4 baada ya fizi kusafishwa.

#29 MbishiWaCheyo
0.4 tu? Kipimo cha mzee kikiwa 10, kitakuwa 9.6. Amekula kitumbua kimoja kimerudi.

#30 NesiMwanamke
Kipimo hicho hakirudishwi na kitumbua kimoja, ni wastani wa wiki nyingi, ndiyo maana kinaitwa hivyo. Na usidharau. Metformini yenyewe, dawa ya kisukari, inashusha karibu 1 au zaidi kidogo, na hiyo unameza kila siku ya Mungu na tumbo linakuvuruga. Ukipata 0.4 ya nyongeza kwa kusafishwa ugaga, chukua.

#31 AsaliMbichi
Na kwa figo, maana mleta uzi aliuliza. Kuna Wahindi Wekundu wa Pima, Arizona, jamii yenye kisukari kingi sana. Walifuatiliwa miaka mingi, watu 628, matokeo yakatoka 2005. Wenye kisukari na fizi mbaya sana walikufa kwa moyo au kwa figo karibu mara 3 ya wale wenye kisukari ambao fizi zao zilikuwa nzuri au mbaya kidogo. Walishaondoa umri, uvutaji, presha na muda wa kisukari kwenye hesabu.

#32 MwalimuMstaafu
Huo ni ufuatiliaji, mtu hakupangiwa kutibiwa. Mtu anayeacha fizi zake zifike hapo, vipi dawa zake za presha? Vipi miguu yake? Kuna vitu havipimiki kwenye karatasi.

#33 BintiIsevya
Samahani naingilia. Mimi nina mimba ya miezi 5, fizi zimevimba na zinatoa damu, na jirani ameniambia bakteria hao wanasababisha mtoto kuzaliwa njiti. Silali.

#34 NesiMwanamke
Lala, dada yangu. Fizi kuvimba wakati wa mimba ni homoni, wengi tunapata. Ni kweli wajawazito wenye fizi mbovu wanaonekana kuzaa njiti zaidi. Lakini Marekani mwaka 2006 walitoa majibu ya utafiti wa wajawazito zaidi ya 800, nusu wakatibiwa fizi katikati ya mimba, nusu wakangoja mpaka wajifungue. Njiti walikuwa sawa pande zote mbili. Walichothibitisha ni kwamba kusafishwa meno ukiwa mjamzito ni salama. Nenda ukasafishwe kwa ajili ya fizi zako, na ukienda kliniki uwaambie wakupime presha na damu, hayo ndiyo ya kukuondolea usingizi.

#35 BintiIsevya
Ubarikiwe dada.

#36 MbishiWaCheyo
Ona sasa. Moyo hakuna uhakika, njiti haikusaidia. Na ubongo?

#37 AsaliMbichi
Ubongo ndio uliotia watu wazimu mwaka 2019. Timu moja ilitangaza imekuta Porphyromonas gingivalis, bakteria mkuu wa fizi, kwenye ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa wa Alzheimer (ule wa kupoteza kumbukumbu uzeeni), pamoja na vimeng'enya vyake vinavyokata protini. Panya walioambukizwa mdomoni wakaonekana nao kupata mabadiliko ubongoni. Ikatengenezwa dawa ya kuzuia vimeng'enya hivyo, ikajaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 600. Mwaka 2021 majibu yakaja, haikufikia malengo, kumbukumbu za wagonjwa ziliendelea kushuka kama za waliopewa kidonge kitupu. Na ini la baadhi yao likaleta shida.

#38 TabibuWaKinywa
Kwa haki, waliangalia wale waliokuwa na dalili za bakteria huyo kwenye mate peke yao, wakasema kwao ilipunguza kasi ya kumbukumbu kushuka.

#39 MwalimuMstaafu
Dawa ikifeli, hawakosi kundi dogo ndani yake ambalo eti ilifanya kazi. Nimezeeka nikiyasikia hayo.

#40 NdalaNyeusi
Habari wakuu, nimefuatilia kimya. Mama yangu fizi zimepanda mpaka zinataka kufunika meno, na anatumia dawa ya presha, nifedipini. Ni bakteria hao?

#41 TabibuWaKinywa
Dawa hiyo yenyewe inafanya hivyo kwa baadhi ya watu, na amlodipini pia, ingawa mara chache zaidi. Hata fenitoini ya kifafa. Asiache dawa kwa maamuzi yake, presha itamuangusha. Amwambie daktari wake ambadilishie aina, na asafishwe ugaga, maana penye ugaga ndipo uvimbe unazidi. Hapa utaona ugonjwa wa mwili unakwenda mdomoni kupitia kidonge, njia ya kinyume kabisa na ya uzi huu.

#42 BibiWaIpuli
Wanangu mmesahau meno ya nailoni. Mtoto akiharisha na homa, ufizi umevimba, lazima yatolewe, ndiyo yanayotuma ugonjwa tumboni. Sisi tumelea hivyo.

#43 NesiMwanamke
Shikamoo bibi. Kwa heshima zote, hapo ndipo ninapopokea watoto wa kulia machozi. Hicho cheupe kinachoonekana ni kifuko cha jino changa la chonge, kila mtoto anacho. Anaharisha kwa sababu nyingine, maji au virusi. Anachimbwa ufizi kwa spoku ya baiskeli, damu haikati, vijidudu vinaingia, na mtoto aliyekwisha kuishiwa maji anapata maambukizi ya damu juu yake. Bakteria wa mdomoni kufika mwilini nimewaona kwa macho, ila waliingizwa na mkono wa mtu. Mpeni maji ya chumvi na sukari, mleteni.

#44 BibiWaIpuli
Marahaba mwanangu. Mbona wengine walipona?

#45 MwishoWaReli
Bibi, huyo ni Mbishi kavaa kanga.

#46 KijanaWaUrambo
Mrejesho mfupi. Mzee amesafishwa, upande mmoja leo, upande wa pili wiki ijayo. Aliporudi alinionyesha vipande vya ugaga alivyovifunga kwenye leso, vyeusi kama changarawe, kimoja kina umbo la mgongo wa jino kabisa. Anakwenda kuwaonyesha wenzake kijiweni. Kuhusu ugoro amesema tusimguse. Kipimo cha sukari ni mpaka miezi 3 ipite.

Swali langu la pili: kama ni bakteria wale wale, kwa nini wakisafishwa sukari inashuka, lakini njiti hawapungui na ubongo haurudi?

#47 TabibuWaKinywa
Nadhani ni muda. Sukari inaitikia ndani ya miezi. Mishipa na ubongo vimeharibika kwa miaka 20, huwezi kusafisha Jumatatu ukategemea Ijumaa. Kwa wajawazito huenda matibabu yalikuja wakati mimba imeshakwenda mbali.

#48 AsaliMbichi
Au sukari ndiyo pekee yenye uhusiano wa kweli, kwa sababu inapita kwenye uvimbe, haihitaji bakteria asafiri popote. Au tunawatazama kwenye damu wakati wao wanamezwa. Tunameza mate mchana kutwa. Mwaka 2012 timu mbili, ya Marekani na ya Kanada, zilikuta Fusobacterium nucleatum, mkazi mwingine wa utando wa meno, amejaa kwenye uvimbe wa saratani ya utumbo mpana. Alisababisha au alikuta kidonda akapanga? Wanabishana mpaka leo.

#49 MkulimaKaliua
Au tumbaku.

#50 MwalimuMstaafu
Dawa ya ubishi ni moja. Chukua watu elfu kadhaa wenye fizi mbovu, piga kura, nusu wasafishwe kila baada ya miezi michache, nusu waachwe, fuatilia miaka 10 uhesabu waliopata shambulio la moyo na waliokwenda kwenye mashine ya figo. Tabu ni kwamba hakuna daktari mwenye dhamira atakayemwangalia mtu anaoza fizi miaka 10 bila kumgusa. Nani atakubali kuwekwa kundi la wasiosafishwa?

#51 MbishiWaCheyo
Niandikeni mimi. Ila nauli ya treni na posho juu yenu.

#52 MwishoWaReli
Daraja la tatu, na unashuka Uvinza.